Mwanangu Anakula Huku Jicho Liko Mlangoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba uniwahi, maana mwisho wa mwezi wifi yangu anakuja kumchukua mwanangu na mpaka sasa sijajua kama nimfungashie mtoto nguo au nimfungie wifi mlango.

Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi na ya sherehe, chumba cha mbele cha nyumba yetu ndiyo karakana yangu, na mume wangu ni fundi bomba, mtu mpole, mcheshi, hana neno na mtu, na Mungu ametujalia mtoto mmoja wa kiume, ana miaka miwili na nusu, na nikuambie ukweli nyumba yetu ni ya furaha, tunacheka kutwa nzima, kwa hiyo usije ukadhani nimekuandikia kwa sababu ya ndoa, ndoa iko salama, shida yetu ni sahani.

Mwanangu anakula, mshauri wangu. Najua kila mtoto anakula, na jirani yangu wa ng'ambo ana binti anayefukuzwa uani na bakuli la uji mpaka uji unapoa, kila nikilalamika ananiambia wewe shukuru, na ninashukuru kweli, lakini wa kwangu hatafuni, anapakia. Sahani ikitua tu anaizungushia mkono wa kushoto, anainama juu yake, mkono wa kulia unaenda na kurudi, wali unaingia, maharage yanafuata, ndizi inasukumwa kabla maharage hayajateremka, na muda wote huo haangalii chakula, jicho lake liko mlangoni, nadhani anatazama nani anakuja kumlia chakula chake, na kabla mimi sijakaa vizuri ameshainua sahani tupu anasema "Ngeza!", yaani ongeza. Wateja wangu wamempa jina la Tingatinga na mwenyewe analipenda, ukimwita anaitika kwa mlio wa injini. Wakija kupima nguo wanamletea biskuti makusudi, wanasema, "Hebu Tingatinga apige kazi tuone," biskuti zinapotea, watu wanashika mbavu, na mimi nacheka nao, sikufichi, maana ukiyaona yale mashavu yalivyojaa huwezi kujizuia.

Sasa nikueleze tunavyoishi ili usije ukasema mtoto hapati malezi. Karakana ina meza moja kubwa, hapo ndipo ninapokata vitambaa na hapo ndipo familia inapokula, hatuna nafasi nyingine, jikoni kwenyewe watu wawili wakiingia mmoja lazima atoke. Zamani kidogo tone la mafuta liliwahi kudondokea satini nyeupe ya bibi harusi, nikalifua, nikalipaka unga, nikaliombea, likabaki pale pale, ikabidi nishone upya upande wote wa mbele, na tangu hapo tukawekeana utaratibu. Hodi ikipigwa tu natoa amri, "Ondoa!", mume wangu anakimbiza vyombo jikoni, mimi nachukua sahani ya mtoto naipandisha juu ya kabati, nafuta meza, natandika shuka safi, mteja akiingia anakuta karakana inang'aa kama vile humu ndani hatuli. Tumekuwa hodari wa jambo hilo na wateja wananisifu kwa usafi. Mteja akishaondoka mtoto anarudishiwa sahani yake anamalizia, hapungukiwi hata punje, nahakikisha mwenyewe. Na mchana, kazi ikiwa nyingi, namkalisha pale mezani anakula huku mimi nabana pindo, na kwa vile pini nazishika mdomoni simsemeshi, namgunia tu, "mm, mm," naye anaelewa, ni mtoto mwerevu sana.

Kicheko chetu kilikatika siku alipopaliwa. Alikuwa anakula yai la kuchemsha, nilikuwa nimemkatia vipande vikubwa vikubwa, hodi ikapigwa, nikasema ondoa kupitia meno, na mkono wangu ulipokuwa unaifuata sahani yeye akakishindilia kipande kizima mdomoni. Mara kimya. Macho yamemtoka, hakohoi, hatoi sauti, na mimi nina pini mdomoni siwezi hata kuita watu. Nikazitema, nikamlaza kifudifudi mapajani kichwa kikielekea chini, nikampiga mgongoni kwa kiganja mpaka yai likaruka. Akalia, nikalia, bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa mlangoni naye akalia, sote watatu tumekaa sakafuni tunalia, halafu mtoto akajifuta pua, akanitazama, akasema, "Ngeza."

Nilimpeleka kliniki. Nesi akampima uzito na urefu, akaangalia kadi yake, akasema mtoto anakua vizuri, dawa ya minyoo ameshapata, hana tatizo, punguza ukubwa wa vipande. Mimi nikaona bora nipunguze na chakula chenyewe. Nikaanza kumpakulia kwenye kisahani cha chai, akawa anamaliza kabla sijakaa, nikimwambia kimeisha anakwenda mwenyewe jikoni kukagua sufuria. Tukaanza kuficha. Mume wangu na mimi tukawa tunakula kwa zamu nyuma ya pazia ambako wateja wanajaribia nguo, kimya kimya kama wezi, hata kijiko hatugongeshi, mpaka siku moja nimejibanza mle na kipande changu cha mkate nikaona vidole vidogo vya miguu chini ya pazia, na sauti ikauliza taratibu, bila kulia, "Na mimi?" Mshauri, mkate ulinikwama.

Kuna pia kioja kimoja sikielewi mpaka leo. Mashine yangu iliwahi kuharibika, mota iliungua, nikaipeleka kwa fundi, nikawaambia wateja wasije, nikakaa nyumbani kama mgeni. Mchana ule mtoto alikula polepole, anaipandisha ndizi kwenye kijiko, anaishusha, ananisimulia mambo yake, halafu akaiacha nusu, akashuka kwenda kuchezea mabaki ya vitambaa. Niliogopa kweli. Nikampima joto, nikarudia kumpima, nikampigia simu baba yake nikamwambia acha hilo bomba rudi nyumbani, mtoto hana hamu ya kula. Mashine iliporudi na hamu nayo ikarudi, nikamshukuru Mungu.

Sasa huyu wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni matroni wa bweni, mtu wa kengele na foleni, hana mtoto lakini amelea mamia. Alikuja kututembelea, akamwona Tingatinga kazini, akaweka kijiko chake chini.

"Huu ni ulafi," akasema, "na ulafi unanyooshwa mapema. Nipeni mimi nikakae naye. Mkija kumchukua mtamkuta anakula kama mtu."

"Dada, bado mdogo huyu," mume wangu akasema.

"Na siku yai lilipomkaba, alikuwa mkubwa?"

Kisa cha yai tulikuwa tumemsimulia wenyewe. Sasa mume wangu anasema tujaribu, dada yake ana nia njema, na kweli ana nia njema, ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa najifungua, siwezi kumsema vibaya. Kwake ni mbali, safari ya kutwa nzima, na hajasema ni kwa muda gani. Mimi nimechoka, naona aibu, na kila mtoto akifungua mdomo moyo unanipasuka nikidhani atapaliwa tena, kuna wakati najiambia labda kule atakuwa salama kuliko kwangu. Lakini nimekata kitambaa cha nguo zake za safari, suruali mbili na shati, na kila nikikaa kwenye mashine niziunge machozi yananizuia kuliona tundu la sindano. Mimi mtu wa kazi yangu, sijawahi kushindwa na shati la mtoto.

Nimwache aende, mshauri? Au kuna namna ya kumpunguza kasi hapa hapa nyumbani? Nijibu waziwazi, hata ukinigombeza nitavumilia.

Ni mimi, Mama Tingatinga

JIBU LA MSHAURI

Mama Tingatinga, mwanangu, mtoto haendi popote. Nimeanza na hilo ili upumue, sasa tukae tugombane vizuri.

Pole kwa siku ile ya yai. Ulifanya lililotakiwa kufanywa na ulilifanya upesi, kwa hiyo acha kujiona mama asiyefaa. Ila nitakugombeza kwa zile pini. Mtoto wa miaka miwili na nusu anakula kwenye meza iliyotapakaa pini, mama yake naye zimemjaa mdomoni! Siku moja ukizitema kwa hofu zitaangukia wapi, kama si kwenye wali wake? Zichomeke kwenye kimto chake, kama ulivyofundishwa ulipokuwa unajifunza kazi, na chakula kikija zipande juu ya kabati zenyewe. Huko ndiko kunakozifaa.

Sasa tuje kwa huyo mlafi. Nimeisoma barua yako nikimtafuta, nikairudia, sijamwona. Nesi amempima akasema anakua vizuri, na nesi ana mizani, wifi yako ana kijiko tu. Ninayemwona mimi ni mtoto anayekula akijua kwamba sahani yake inaweza kupaa wakati wowote. Wewe unajua iko juu ya kabati na itarudi. Yeye hajui. Kwa akili ya umri wake, kilichopandishwa juu kimekwenda, na mama aliyekichukua hakumweleza neno, aliguna tu. Ungekuwa wewe, ungetafuna polepole? Mimi nisingetafuna kabisa.

Unasema anaangalia mlangoni kuona nani anakuja kumlia chakula. Jamani! Anamsikilizia mteja wako. Ameshajifunza kwamba hodi na sahani haviishi nyumba moja, kwa hiyo anafanya hesabu anayoiweza: apakie kingi kabla haijapigwa. Hata lile yai alilishindilia pale pale ulipotoa amri, umeliandika kwa mkono wako mwenyewe ukapita. Umemfundisha bila kukusudia, na kwa kuwa ni mwerevu, kama ulivyosema, amefaulu somo.

Na siku mashine ilipoharibika ukakimbilia kipimajoto! Mtoto ametulia, anazungumza na ndizi yake, anamsimulia mama, ameshiba, ameacha, amekwenda kucheza, na nyumba nzima inaitwa kwa simu kama kuna msiba. Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu hapa ofisini wakachungulia. Mwanangu, siku ile hakuwa mgonjwa. Siku ile ndipo alipokula kama watoto wanavyokula, kwa sababu hodi haikupigwa na mama yake alikuwa mbele yake, mdomo mtupu, anaitikia. Tumbo lake linajua kusema limetosheka, lakini linasema kwa sauti ndogo na linachelewa kidogo, chakula kikishuka kwa kasi ile halipati nafasi. Ndiyo maana anadai nyongeza huku ameshajaa.

Lile la kula nyuma ya pazia sitalizungusha. Ni baya. Najua mlifanya kwa wasiwasi, na ulivyoeleza vile vidole nami mkate ungenikwama, lakini mtoto anayefichwa chakula anajifunza kukitafuta kwa bidii zaidi. Kisahani cha chai nacho ni vivyo hivyo. Ulipoona ana haraka kwa kuogopa kitaisha, ukamthibitishia kwamba kweli kinaisha. Acha yote mawili kuanzia leo.

Haya, fanya hivi. Siwezi kukuambia uache kazi wala uruhusu mafuta karibu na satini, satini ni satini, lakini mlo wa mtoto na meza ya kukatia vitenganishwe. Kama hakuna meza nyingine tandika mkeka chumbani mnakolala, au muwekee kigoda cha kukalia na kistuli cha kuwekea sahani karibu na mlango wa jikoni, mradi pawe mahali ambapo mteja akiingia hakuna atakayelazimika kuinuka. Wateja wako waambie kwamba saa ya chakula hupimi nguo. Wanaokusifu kwa usafi watakusifu na kwa hilo. Weka benchi nje, aliyewahi sana akae, avute hewa. Bibi harusi anayeweza kusubiri gauni mwezi mzima hatashindwa kusubiri mtoto amalize maharage.

Mpakulie kidogo kwenye sahani ya kawaida, na bakuli la nyongeza liwe pale pale analiona. Akisema "Ngeza," usimnung'unikie na usimtolee macho. Mwambie, "Ipo, tafuna kwanza hicho, tunywe na maji," kisha umwongeze kidogo. Atajaribu kukupima mara nyingi kama kweli ipo, na kila mara akute ipo. Mpe kijiko kidogo. Ndizi ikatwe vipande vidogo, yai lipondwe, zabibu na vitu vyote vya mviringo vipasuliwe kwa urefu, karanga nzima asizione kabisa mpaka awe mkubwa. Ale ameketi, asile anakimbia wala anacheka kwa kutekenywa. Na kile ulichomfanyia siku ya yai, mwombe nesi akufundishe vizuri, wewe na baba yake, ili mikono yenu ijue bila kuuliza kichwa.

Baba yake naye nina neno naye. Hukuniambia anakulaje, lakini mafundi bomba nawajua, natumaini simu haimwiti akiwa mezani akainuka tonge likiwa mdomoni. Kama ndivyo, basi Tingatinga ana walimu wawili. Akae chini. Bomba lililopasuka lina valvu, mwenye nyumba aifunge wakati fundi anamaliza kula.

Hayo mambo ya biskuti na "apige kazi tuone" yakomeshe kwa tabasamu lakini yakomeshe. Jina la Tingatinga libaki kama analipenda, ila asiitwe mlafi mbele yake na mtu yeyote, awe mteja, awe shangazi yake. Kati ya mlo na mlo awe na kitu kidogo cha kutia mdomoni kwa saa inayojulikana, tunda au kipande cha mkate, ili asifike mezani tumbo linanguruma. Utakiona kiherehere kinapungua polepole, kuna siku kitarudi, usikate tamaa. Lakini ukiona anakula sana na bado anakonda, au anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa mno, au anakohoa kila anapoteremsha chakula, hapo usiniandikie mimi, rudi kliniki siku hiyo hiyo.

Sasa wifi. Usimfungie mlango, mwanangu, mtu aliyekushika mkono ukijifungua hafungiwi mlango. Mpokee, mpikie, mkalishe kwenye mkeka pamoja na mtoto, mwombe akusaidie jambo moja analoliweza kuliko sote: awe mlinzi wa saa ya chakula. Matroni akisimama nje ya karakana yako na kusema hakuna kuingia, nani ataingia? Akimlea mtoto wa mdogo wake namna hiyo, hapo hapo kwenu, atakuwa amesaidia kweli. Kumtoa mtoto kwa mama yake ili ajifunze kwamba vitu haviondoki ghafla, hilo mimi sijalielewa, na nadhani hata yeye akitulia hataliafiki. Ametoka kunyang'anywa sahani, umnyang'anye na mama?

Ila wifi si wa kwanza kuambiwa. Wa kwanza ni mumeo, na aambiwe leo. Usimwambie umeinama kwenye mashine, wala kwa kuguna. Kaa mbele yake, sema kwa sauti yako yote: mtoto wetu haendi, tumeshajua kinachomkimbiza, na ni sisi wa kukirekebisha. Naye alishasema mwenyewe kwamba bado mdogo, moyoni yuko upande wako, alikosa tu mtu wa kusimama naye. Mkishakubaliana pakueni, mkae wote watatu chini, mle. Hodi ikipigwa usiinuke. Ajibiwe kwa upole asubiri, fundi anakula na mwanawe.